Tawi Bichi Penye Njia Panda ya Kinu

Jumatatu, 3 Juni

Daftari jipya. Nimelikuta kabatini kwa shangazi. Lilikuwa na ukurasa mmoja tu wa maelezo ya kufuma vitambaa, nimeuchana. Watu wakubwa huandika shajara. Wakishakufa, wengine husoma na kusema kumbe. Mimi sina haraka ya kufa, lakini kumbe yangu naiandaa mapema.

Jina langu la kazi ni Radi. Hapa mjini wananiita Breki. Wivu.

Habari yenyewe sasa. Mji wetu uko bondeni, vilima huku na huku, kama chai iliyobaki chini ya kikombe. Ukitaka kwenda popote lazima upande. Labda ndiyo maana watu hapa wana ugonjwa wa kukimbia. Kila Jumapili wanakimbia, na hakuna anayewafukuza. Siku hizi hata wageni wanakuja kukimbia nao. Njia ni tatu. Ya Mto ni tambarare, ya wenye vitambi. Ya Mabega inazunguka vilima bila kufika kileleni. Ya Mnara inapanda mpaka kwenye mnara wa simu na kurudi, hiyo ni ya vichaa.

Jana Mwalimu Filimbi katangaza. Huyu ni mwenyekiti wa chama cha wakimbiaji, mwalimu wa michezo mstaafu, kazi aliiacha lakini filimbi bado iko shingoni. Jumapili hii ni mbio za Mnara. Wakirudi kutoka juu watafika njia panda ya kinu, kile kinu cha unga kisichosaga kitu miaka mingi. Pale, njia ya kushoto inashuka mpaka dukani kwa mwoka mikate. Ya kulia inavuka daraja la mbao mpaka kwenye mgahawa wa shangazi. Urefu ni ule ule, Mwalimu kaupima kwa kamba. Kila mtu atachagua kwa kupita. Watakapoishia wengi ndipo mbio zitakapomalizikia kila Jumapili, na ndipo watakapokunywa chai, siku zote. Kura ya miguu, kasema. Na ni marufuku kuita watu, kubandika karatasi au kuchora mshale.

Shangazi alikuwa anasugua sufuria. Bila kunitazama akasema kwamba wakimbiaji wakienda kwa mwoka mikate, yeye mwisho wa mwezi anafunga mlango. Miaka kumi na moja inatosha. Tangu barabara mpya ipite ng'ambo, anapika chai na kuinywa mwenyewe. Atakwenda kukaa na dada yake. Nikauliza na mimi je. Akasema mimi si nina baba.

Baba yuko kwenye tanuri la matofali. Nilikaa naye miezi miwili nilipoipumzisha shule. Mgongo bado unakumbuka.

Nikamwambia shangazi atulie, jambo hili aniachie mimi. Akasugua sufuria kwa nguvu zaidi.

Jumanne, 4 Juni

Jemadari hukagua uwanja kabla ya vita. Nimetoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuikimbia njia ya Mnara yote. Nimevaa raba za marehemu mume wa shangazi. Zimenizidi vidole viwili, lakini nafasi ni nzuri kwa hewa.

Nimeanza kwa kasi ya kutisha. Mbuzi wanne wa fundi cherehani, ambao hujifungulia mlango wenyewe asubuhi na kujichunga, waliniachia njia. Nikaona heshima machoni mwao.

Mlima ulipoanza nikasimama kidogo kupima upepo. Nikaupima sana. Bibi muuza mboga akanikuta nimeinama, mikono magotini. Yeye ana kapu la kabichi kichwani. Akauliza mjukuu wangu unaumwa. Nikamjibu kwamba nafanya utafiti. Akasema haya, ila huo utafiti ufanye umefunga mdomo, kuna nzi. Akaendelea kupanda. Nilipoinua kichwa alishapotea kwenye kona.

Mnarani sikufika. Mnara naujua, hata kitandani kwangu unaonekana. Nimekata kona kwa njia ya mbuzi mpaka kinuni, na hapo ndipo nilipomgundua adui. Ni harufu. Asubuhi upepo unatoka mjini, unapita kwa mwoka mikate, unabeba harufu ya mkate wa moto, unakuja kuitua puani mwako pale pale njia panda. Mtu ametoka mnarani tumbo limeshikana na mgongo. Ataenda kulia kunusa nini? Daraja?

Wakati nimesimama hapo nikinusa kwa uchunguzi, akapita Boflo, mtoto wa mwoka mikate. Tulisoma darasa moja. Kazaliwa katikati ya unga lakini mwembamba kama uzi, na anakimbia kama aliyeiba. Hakusimama. Akaniuliza kwa mbali kama nafanya mazoezi au nasubiri kuzikwa. Nikatafuta jibu kali. Nimelipata sasa hivi, saa nne usiku: nasubiri kukuzika wewe. Nitalitunza.

Jumatano, 5 Juni

Moto huzimwa kwa moto. Harufu huzimwa kwa harufu.

Nikachukua jiko la mkaa, kikaango, na vitunguu vyote vya shangazi. Hakuna binadamu anayeipita harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Sheria inakataza kuita watu, haikatazi kukaanga. Asubuhi nilikuwa naosha vikombe, kwa hiyo majaribio nimeyafanya jioni, kwenye njia ya kulia, hatua ishirini kutoka kinuni.

Harufu imetoka nzuri kupita kiasi. Lakini kumbe upepo wa bonde hili jioni hugeuka. Badala ya kwenda njia panda, harufu imekwenda jalalani. Jalalani wanaishi mbwa saba.

Sikukimbia. Nilitembea kwa kasi. Wao pia. Kikaango kimebaki kule, vitunguu vimebaki kwenye raba, maana nilivimwaga njiani. Mbwa wamekuja mpaka mlangoni na kukaa mstari, kama watu wa zahanati.

Shangazi kauliza vitunguu vyake viko wapi. Nikasema viko kwenye utafiti. Kauliza hawa wageni ni wa nani. Nikasema wamekuja kusalimia. Usiku nimekula mkate mkavu. Mkate wenyewe umetoka kwa mwoka mikate. Mchungu kabisa, ingawa mtamu.

Alhamisi, 6 Juni

Akili zangu zikikataa hukataa, lakini zikikubali nazionea huruma akili za wengine.

Nilitumwa kuchota maji kisimani. Njia ya mkato imelazwa tawi bichi katikati. Nikageuka bila kufikiri, nikazunguka kwa mbali. Nimefika nusu ya safari, ndoo kichwani, nikasimama. Nimefanya nini hapa? Nimegeuzwa na jani!

Kwetu tawi bichi likiwekwa kukingama njia, njia imefungwa. Huulizi. Labda kuna nyuki, labda kuna shimo, labda wenye msiba hawataki kupitiwa. Mtoto wa miaka mitatu akiliona hugeuka. Babu yangu, upepo uliwahi kuangusha tawi mlangoni kwake, akalala kwa jirani siku mbili mpaka likanyauka. Tunamcheka mpaka leo. Mtu mzima kuogopa tawi la upepo.

Basi. Jumapili alfajiri, tawi moja zito kwenye njia ya kushoto. Wakimbiaji wanafika, wanaliona, wanashika kulia kama kondoo. Karatasi si hiyo, mshale si huo, sijamwita mtu. Hata hakimu atanipa mkono.

Mwalimu Filimbi kapita mgahawani mchana, kasema Jumamosi jioni atazikagua njia zote kwa macho yake. Nikamwambia akague tu Mwalimu, njia ni safi. Akanitazama muda mrefu. Aliwahi kunifundisha kuruka kamba, kwa hiyo ananijua.

Jumamosi, 8 Juni

Tawi limepatikana. Sikutaka tawi la hivi hivi. Tawi la hivi hivi mtu anaweza kudhani limeanguka. Nimelitoa kwenye ua wa fundi cherehani, mforosadi, majani mapana, laini, yanang'aa, ungesema yamepakwa mafuta. Nimelikata mchana wakati cherehani inalia, msumeno na cherehani vikaimba pamoja. Ni refu kuliko mimi. Nimelificha nyuma ya kinu, ndani ya kivuli, lisinyauke.

Mbuzi wake wanne walisimama upande wa pili wa ua wakinitazama kazi nzima. Hawakusema kitu. Nimewapenda.

Halafu pigo. Shangazi kaniandikisha mbio. Namba arobaini na mbili, imechapishwa kwenye kitambaa, na pini nne. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa mipango, si mtu wa miguu. Akasema hana mipango, ana vikombe. Ameazima vikombe kwa majirani mpaka vimefika arobaini, ameviosha mara mbili, amevipanga mezani vimefunikwa kitambaa. Kasema akikosa wote, angalau mmoja atakuja upande wake. Mmoja ana uhakika naye.

Nikamwambia watakuja wote. Akasema mmoja unatosha, aone tu mtu anavuka daraja.

Nikafikicha macho. Nilikuwa na kitu jichoni, labda unga wa msumeno.

Boflo alipita jioni anasambaza mikate kwa baiskeli. Aliona namba yangu kifuani. Alishuka kwenye baiskeli ili acheke vizuri. Kasema wataweka mtu na kurunzi mnarani kwa ajili yangu. Nikamwambia kesho atafuata njia nitakayotaka mimi. Hakuelewa. Wenye mbio miguuni huwa hawana kichwani.

Jumapili, 9 Juni

Naandika nimelala kifudifudi. Sehemu nyingine zote zinauma.

Saa kumi na mbili alfajiri niko kinuni. Nimelaza tawi kwenye njia ya kushoto, limekingama ukingo hadi ukingo. Nimerudi hatua kumi kulitazama. Nilikaribia kugeuka mwenyewe. Kazi safi.

Saa moja filimbi imelia. Watu arobaini na wawili. Boflo kaondoka kama jiwe la manati. Mimi nimeondoka kwa hekima. Mpango wangu ulikuwa nikate kona kwa njia ya mbuzi kama Jumanne. Kwenye njia ya mbuzi nimemkuta Mwalimu Filimbi amekaa kwenye kigoda. Kasema alikuwa ananisubiri. Akanionyesha mlima kwa kidole.

Kwa hiyo mnarani nimefika. Nitoe taarifa kwamba ni mbali. Nilipokuwa naushika mnara, kwa sababu ya upendo, akatokea bibi muuza mboga, namba saba kifuani, anazunguka mnara na kuanza kushuka. Kumbe na yeye ni mkimbiaji. Kaniambia utafiti mwema. Baada yake hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mimi.

Nikashuka. Magoti yanatangulia, raba zinafuata zikipenda. Nafika njia panda ya kinu, jasho limeniziba macho, harufu ya mkate inaniita kwa jina la ubatizo. Nikatazama mbele.

Tawi bichi limelala. Kwenye njia ya kulia.

Moyo ukashuka mpaka kwenye raba. Nikasema moyoni daraja limevunjika. Shangazi hana habari. Njia imefungwa. Na miguu ikageuka kushoto. Sikuiambia. Imegeuka yenyewe, kama ya babu.

Nilifika mbele ya duka la mwoka mikate ndipo akili ikanifikia, nayo inahema. Tawi la nani? Kulia kwa nani?

Walikuwepo wote. Watu arobaini na mmoja pamoja na mimi, wamekaa chini vumbini, wanapiga makofi eti wa mwisho kafika. Mwoka mikate amesimama mlangoni, utepe mkononi, anachungulia barabara. Anauliza kila mtu mwanangu mmemwona. Boflo hayupo. Aliongoza tangu mwanzo, na hayupo.

Halafu akaja fundi cherehani. Mkono mmoja kamba ya mbuzi, mkono mwingine kijiti cha mforosadi kisicho na jani hata la kudanganyia. Mbuzi wote wanne matumbo kama ngoma. Kaeleza mbele ya watu, taratibu, kama anayepima suruali. Aliwafuata mbuzi wake mpaka kinuni. Akawakuta wanakula tawi lake mwenyewe, kwenye njia ya kushoto. Alipowafukuza, dume likaling'ata tawi na kuliburuta mpaka kwenye kivuli cha kinu, likaliacha limekingama njia ya kulia, bado lina majani nusu. Akakimbiza dume kwanza. Kwa mbali akawaona wakimbiaji wanapita, wanaliona tawi, wanashika kushoto, na wa mwisho alipopita mbuzi wakarudi kulimaliza. Wageni hawajui tawi ni nini, lakini waliwafuata wenyeji. Sasa anachotaka kujua ni kitu kimoja: mforosadi wake ulikatwa na nani.

Hakuna aliyesema. Lakini watu wote walinitazama mimi. Mji mdogo una tabia mbaya.

Boflo katokea wakati huo huo, anatoka upande wa darajani, kikombe mkononi, anatembea. Kauliza mbona mmechelewa hivi. Yeye alifika kinuni kabla ya dume kuliburuta tawi, kalikuta kushoto, kwenye njia ya kwao, akaheshimu, akashika kulia. Kavuka daraja peke yake. Shangazi kampa chai na mayai mawili. Amekaa hapo nusu saa akidhani ametuacha mbali sana.

Yaani katika watu wote, mpango wangu umemshika mtu mmoja. Na ni yeye.

Mwalimu Filimbi akahesabu. Kushoto arobaini na mmoja, kulia mmoja. Akasema kura imesema. Nikaliona tanuri la matofali, limefungua mdomo, linanisubiri.

Lakini sasa mikate ikagawiwa. Ya moto, mizuri, siwezi kusema uongo kuhusu mkate. Watu wametoka mnarani, koo kavu, wanatafuna. Wakaanza kukohoa. Wakaomba maji. Mwoka mikate ana tanuri, ana unga, ana mizani. Kikombe ana kimoja, chake. Benchi hana. Bibi muuza mboga kauliza kwa sauti hii sherehe ni ya kuwakaba watu? Boflo, mdomo wazi kama kawaida, akasema ng'ambo kuna vikombe arobaini vimeoshwa na birika tatu zinachemka.

Bibi kaondoka wa kwanza, mkate mkononi. Wakamfuata wote, wakavuka daraja. Mwalimu akapuliza filimbi wasimame, hakusimama mtu, mwisho akawafuata akipuliza. Kanywa vikombe vitatu. Cha tatu kilipoisha akatoa hukumu: miguu imeishia kwa mwoka mikate, lakini makoo yameishia kwa shangazi. Kwa hiyo mbio zitamalizikia kule, chai itanywewa huku, na mikate itavushwa darajani kila Jumapili ikiwa bado ya moto. Mwoka mikate akauliza atakayevusha kreti ni nani. Fundi cherehani akainua kile kijiti na kuninyooshea.

Shangazi alikuwa anamimina chai mikono miwili. Sijawahi kumwona hivyo, kitambaa cha kichwa kimeteleza na hajali. Watu wamejaa mpaka dirishani. Mwezi ujao hafungi. Nilijisogeza karibu ili anipongeze. Akanishika sikio bila kuweka birika chini. Kasema alisimama mlangoni tangu asubuhi anatazama daraja. Alikuwa na mmoja tu wa uhakika. Mmoja. Akaja mtoto wa mwoka mikate.

Nikamweleza kwamba kulikuwa na tawi. Kauliza tawi aliliweka nani. Nikatazama raba. Kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, lakini kisima kimetoa maji. Akanitazama. Akaanza kucheka mpaka birika ikamwagikia raba zangu, na hapo akaniachia sikio.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefikiri sana. Kwa haki, anayepaswa kushukuriwa ni mimi. Bila tawi, Boflo asingevuka. Asingevuka, wasingejua kuhusu vikombe. Mpango umefaulu wote, ila mbuzi. Shangazi anasema ni vikombe vilivyofaulu. Simbishii, ana furaha.

Leo nimejaribu kreti. Kutoka dukani mpaka mgahawani, mikate arobaini, nimepumzika mara sita. Boflo alikuwa ananihesabia. Nikamtolea lile jibu langu la Jumanne, la kuzika. Kauliza linahusiana na nini.

Kila Jumapili kazi hii? Hapana. Mtu wa akili habebi, anabebesha. Wale mbwa saba bado wananifuata, raba zimeshika kitunguu na hazikubali kufuliwa. Mbwa ana mgongo. Ana miguu minne, mara mbili ya Boflo. Mkate mmoja kila ubavu, vifuko vya turubai, wanavuka daraja kwa mstari mimi niko nyuma na filimbi. Fundi cherehani nimemwomba anishonee vifuko, kakataa kabla sijamaliza sentensi. Nitashona mwenyewe, kwenye daftari hili palikuwa na ukurasa wa maelezo ya kufuma, sijui niliuweka wapi.

Jioni nimeanza mafunzo. Nimewaonjesha mkate kidogo kila mmoja, wakizoee kile watakachobeba. Wameupenda sana. Dalili njema.